Mtungi wa oksijeni au konsentreta: kipi kifae wodini?

Konsentreta, mashine ya kutoa oksijeni, ya lita 5 kwa dakika huvuta hewa ya kawaida, ikaondoa nitrojeni na kutoa oksijeni ya takriban asilimia 93. Hewa haiishi, umeme ndio huisha. Ukikatika, mashine inazima papo hapo. Mtungi hauhitaji umeme, na oksijeni yake mara nyingi huzidi asilimia 99, lakini unaisha: wenye lita 6,800, ukifunguliwa lita 5 kwa dakika, hudumu kama saa 22 na nusu. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya zamu ya usiku, si geji ikishafika sifuri.

Kwa gharama, konsentreta huuma siku ya kununua, kisha hubaki bili ya umeme na vipuri. Mtungi hudai kila ukijazwa, pamoja na usafiri.

Matunzo ndipo wengi hukosea. Chujio la nje la konsentreta lioshwe kila wiki, likauke kabisa. Likiziba vumbi, mashine hupata joto na usafi wa oksijeni hushuka huku kipimo cha mtiririko kikionyesha lita zilezile. Mtungi ufungwe mnyororo usianguke, na regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi inayotoka, isiguswe kamwe na mafuta wala grisi: huwaka.

Zahanati ya mbali yenye umeme wa kuaminika, konsentreta inafaa, mtungi ukiwa akiba. Mgonjwa anayehitaji barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, au anayesafirishwa kwa ambulensi, mpe mtungi.