Huduma ya dharura usiku, Mbeya mjini: nyota tatu

Jina la hospitali nalihifadhi. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu saa tatu usiku, sikio linamuuma. Si ugonjwa wa kufa, lakini mtoto analia kashika kichwa na nyumba nzima hailali.

Mapokezi safi. Mlangoni kuna nesi anapima joto na mapigo ya moyo, anambana mtoto kidoleni na kile kidude cha oksijeni, kisha unapewa rangi. Nyekundu unapitishwa hapo hapo, njano unasubiri kidogo, kijani utakaa. Sisi kijani, na ni haki. Akaletwa kijana wa bodaboda, koti limelowa damu, hakuna aliyenung'unika kwa kupitwa. Mpango huu bado mgeni kwetu. Idara ya kwanza ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Zamani wa ajali na wa fangasi walikuwa foleni moja.

Kilichoniudhi ni nesi mwingine kututangazia benchi zima: "Masikio na mafua, zahanati hamzioni?" Sista, tunaziona. Ya mtaani kwetu inafungwa saa tisa na nusu alasiri, na mimi nauza mitumba Mwanjelwa. Nikifunga meza mchana, jioni tunakula nini? Mama wa Uyole niliyekaa naye alikwenda zahanati asubuhi hiyo hiyo. Kapimwa malaria, hana, kapewa panadol, kaambiwa akizidiwa aende hospitali. Kazidiwa, kaja. Baba mmoja dawa za presha zimemwishia na siku yake ya kliniki ni wiki ijayo. Hapa daktari yupo, maabara ipo, dirisha la dawa liko wazi mpaka asubuhi. Sasa waende wapi?

Daktari mwenyewe kijana mpole. Alichungulia sikio taratibu, akasema ngoma haijatoboka, akaandika dawa na kukataza kumimina mafuta ya uvuguvugu (bibi yake alishaanza).

Nyota moja nimekata kwa yale maneno ya nesi. Nyingine ni kwa sababu ya gharama: kumwona daktari ni ghali kuliko zahanati, na dawa moja tuliinunua nje. Zahanati ikipata daktari wa jioni, hata mpaka saa mbili usiku, mimi hapo hamnioni.

Mkienda Juni au Julai bebeni blanketi. Benchi ni za chuma na mlango haufungwi.