Jezi nyekundu ya Olajuwon, namba 34, baada ya miezi mitatu

Kama unatafuta jezi ya Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya Marekani, NBA, ya enzi za nyota wao Hakeem Olajuwon, chukua nyekundu. Muuzaji alinisukumia nyeupe, eti ndiyo inayotoka sana. Nikakataa. Nyeupe walivaa nyumbani, nyekundu ugenini, na ubingwa wa 1995 ulitafutwa ugenini.

Mwaka ule waliingia kwenye mtoano wakiwa nafasi ya 6 ukanda wa magharibi, wameshinda mechi 47 na kupoteza 35. Hakuna raundi hata moja waliyopewa faida ya uwanja wa nyumbani, yaani mechi nyingi zaidi kuchezwa kwao. Basi wakashinda mara 9 kwenye viwanja vya watu: mbili Utah, mbili Phoenix, tatu San Antonio, mbili Orlando. Phoenix walikuwa wanawaongoza mechi 3 kwa 1, Rockets wakazirudisha zote, na katika mechi ya saba Mario Elie wao akatupia ya pointi tatu kutoka kwenye kona, zimebaki sekunde 7 tu. Ikaisha 115 kwa 114. Nilipoikunjua hii jezi, yule Elie ndiye aliyenijia kwanza kichwani.

Tuje kwenye jezi yenyewe. Namba zimeshonwa, hazikubandikwa, na ukipitisha kidole pembeni mwa ile 4 unausikia uzi. Kitambaa kina vitundu vidogo vidogo, kizito kiasi, haking'ang'anii mwili ukitoka jasho. Saizi zake ni kubwa: mimi huvaa L, lakini hii M inanitosha na bado inapwaya kwapani. Nimeifua kwa maji baridi, imegeuzwa nje ndani, na wekundu haujachuja hata kidogo. Kasoro ilijitokeza ufuaji wa nne: uzi wa pembe ya ndani ya ile 4 ulianza kuachia. Nimeushikiza mwenyewe kwa sindano, lakini kwa dola 140 nilizotoa, kazi hiyo haikuwa yangu.

Kilichoniudhi kweli ni kadi ya historia iliyokuja ndani ya mfuko. Imeandikwa kwamba Olajuwon alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Si kweli. Alikuwa 1994, na msimu huohuo akachukua tuzo ya mlinzi bora na ya mchezaji bora wa fainali. Mwaka 1995 tuzo ilikwenda kwa David Robinson wa San Antonio, ndiyo maana mfululizo wa mechi za Rockets na San Antonio mwaka ule una utamu: Olajuwon alimfungia wastani wa zaidi ya pointi 35 kwa mechi sita. Anamwonyesha bega huku, mguu unakwenda kule, Robinson anaruka, mwenzake bado yuko chini ana mpira. Miguu ile alitoka nayo Lagos, alikokuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kukigusa kikapu.

Tena kadi inaanza hadithi Houston, wakati timu ilizaliwa San Diego mwaka 1967 na kuhamia Houston 1971. Moses Malone hatajwi, mchezaji bora wa ligi mara mbili akiwa hapo, 1979 na 1982, aliyeifikisha fainali ya 1981 timu iliyomaliza msimu na mechi 40 za ushindi na 42 za kufungwa! Rudy Tomjanovich naye hayumo, aliyeichezea timu hiyohiyo kuanzia 1970 kisha akaifundisha hadi mataji yote mawili, 1994 na 1995. Anayeuza jezi ya kumbukumbu aiheshimu kumbukumbu.

Mpwa wangu ana miaka 15, na kwake Rockets ni James Harden, mfungaji wao wa miaka ya baadaye. Aliiona mgongoni kwangu akauliza, "Mjomba, huyu Olajuwon alikuwa anafunga kama Harden?" Nikamwambia alifunga, lakini kwanza amuulize alizuia mitupo mingapi: 3,830, na mpaka leo hakuna aliyeifikia. Alikaa kimya, kisha akaomba kuijaribu. Ni wiki ya pili sasa sijaiona kabatini.

Naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na ile kadi, uzi ningeusamehe. Ninayoiwekea pesa sasa ni namba 22 ya Clyde Drexler, aliyesoma na Olajuwon Chuo Kikuu cha Houston na kuletwa Rockets kutoka timu ya Portland Februari 1995, katikati ya msimu. Nyekundu pia.