Kamera Ndogo ya Dijitali Kando ya Ziwa: Uzoefu Wangu na Modi Zake na Flashi

Kamera ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya mfukoni, yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) cha inchi 1/2.3 na lenzi inayovuta mara 8, ambayo hujichomoza kamera inapowashwa na kurudi ndani inapozimwa. Niliinunua ikiwa imekwishatumika, katika duka la vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza, kwa ajili ya picha za familia, za kwaya yetu, na za biashara ya dada yangu anayeuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuweza kusema bila kusita kwamba thamani yake imo katika vitu viwili ambavyo wengi hawavigusi, yaani gurudumu la modi (mipangilio ya upigaji) na kitufe cha flashi. Na kwamba kwa sisi tunaoishi upande huu wa Ziwa Victoria, flashi ina kazi kubwa zaidi mchana kuliko usiku.

Sababu yake ni jinsi jiji lenyewe lilivyokaa. Mwanza iko upande wa mashariki wa ghuba yake, kwa hiyo tangu jua linapopinduka mchana mpaka linapozama, linakuwa upande wa ziwani. Mgeni anayetaka kupigwa picha Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama majini, likiwa nyuma yake, au familia inayosimama ufukweni ili maji yaonekane, wote huwa wameligeuzia jua mgongo. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima, na maji yanayometa pamoja na anga jeupe huifanya idhani kwamba mwanga ni mwingi kupita kiasi, basi ikaupunguza, na nyuso za watu, hasa zetu sisi wenye ngozi nyeusi, zikatoka kivuli kitupu huku ziwa likipendeza nyuma yao. Picha za aina hiyo zimejaa katika albamu za nyumba nyingi hapa, na inasikitisha kumtambua bibi yako kwa kitenge chake tu.

Modi ya AUTO haisaidii katika hali hiyo, kwa kuwa inaona mwanga mwingi na kukataa kuwasha flashi. Katika kamera yangu, AUTO inatoa chaguo mbili tu za flashi: ijiamulie yenyewe au izimwe kabisa. Ukizungusha gurudumu hadi P, kamera bado inachagua yenyewe kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na tundu la lenzi, lakini menyu ya flashi inaongezeka chaguo la kuiwasha kwa lazima, ambalo huonyeshwa kwa alama ya radi isiyo na herufi A pembeni. Hilo ndilo ninalolitumia kuliko yote. Mwako wa flashi haufiki ziwani wala angani, kwa hiyo mandhari hubaki ilivyo, ila uso wa mtu aliye mbele hupata mwanga wake na macho hupata uhai. Mtu asisimame mbali: mita moja na nusu hivi ndiyo niliyoiona kuwa bora, kwa sababu taa ndogo kiasi hiki inashindana na jua. Ikiwa paji la uso linang'aa kama lililopakwa mafuta, jambo la kawaida kwenye joto la saa nane mchana, ninaingia kwenye menyu na kupunguza nguvu ya flashi badala ya kurudi nyuma.

Hapa kamera ndogo ina faida ambayo wachache huitaja. Shata yake imo ndani ya lenzi, hivyo flashi inaweza kwenda sambamba nayo hata kwa kasi kubwa kama 1/500 ya sekunde, wakati kamera nyingi kubwa za lenzi za kubadilisha huishia kwenye 1/200 au 1/250 kwa flashi ya kawaida. Simu nazo zina taa ya LED, ambayo ni hafifu mno mbele ya jua. Flashi ya ksenoni iliyomo kwenye kamera hutoa mwako mkali wa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. Kwenye sitaha ya feri ya Kamanga, ambako upepo hauwaachi watu wala mitandio yao, tofauti hiyo inaonekana wazi.

Usiku sharti mtu ajue mipaka. Kijitabu cha kamera yangu kinasema flashi hufika mita 3 lenzi ikiwa haijavutwa, na mita 1.4 ikivutwa mpaka mwisho, kwa kuwa tundu la lenzi hupungua kutoka f/3.2 hadi f/6.9 (namba ikikua, tundu ni dogo). Zaidi ya hapo, nuru hupungua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kwa hiyo anayekaa viti vya nyuma ukumbini, akavuta zumu na kuwasha flashi ili awapate maharusi jukwaani, anaangaza migongo ya waliokaa mbele yake. Ni afadhali kuomba ruhusa, kusogea na kupiga bila kuvuta.

Modi ya picha ya mtu usiku ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote za upande huo. Flashi inawaka kumwangaza mtu, lakini shata inabaki wazi kwa muda, kwa hiyo taa za nyumba zilizopanda milimani kati ya majabali nazo zinaingia. Huku karibu na ikweta giza huingia haraka, na nusu saa hivi baada ya jua kuzama, wakati anga bado lina bluu, ndio wakati wake. Kamera iwekwe juu ya ukuta au jiwe, kipima muda kiwekwe sekunde 2, na anayepigwa aambiwe asiondoke flashi inapozima, kwa sababu picha bado haijaisha. Modi ya kupunguza macho mekundu inataka tahadhari hiyohiyo kwa kinyume: taa ya kwanza inayowaka ni ya kufinya mboni tu, na picha yenyewe inafuata baadaye kidogo.

Karibu na maji usiku, wakati wadudu wa ziwani wanapovuma, ninaizima flashi. Iko karibu mno na lenzi, hivyo kila mdudu na kila chembe ya vumbi iliyo mbele yake hugeuka doa jeupe la mviringo. Kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 800 huleta chenga, lakini chenga zinavumilika kuliko madoa.

Modi nyingine nitazipitia kwa ufupi, isipokuwa ya ufukweni na theluji, ambayo jina lake linaweza kumfanya mtu wa Mwanza aipite. Dagaa waliokauka ni wa fedha, na wakianikwa juani wanarudisha mwanga mwingi. Kamera, ambayo imetengenezwa kuona kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani, huwatoa wakiwa wamefifia. Dada yangu alinilalamikia, “Mdogo wangu, hawa wateja watasema ni wa mwaka jana.” Modi hii huongeza mwanga makusudi, na dagaa wakatoka na mng'ao wao halisi. Ile ya michezo inafaa kwa watoto wanaokimbia mchana, na ya machweo inazidisha wekundu kuliko ninavyopenda.

Kuhusu betri, idadi ya picha inayoandikwa kwenye maelezo ya kamera hizi hupimwa kwa utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, ambamo flashi huwashwa kila picha ya pili, na jaribio hufanyika kwenye nyuzi joto 23 hivi. Ukiwasha flashi kila picha, utegemee pungufu. Ninabeba betri ya pili kila ninapokwenda kwenye sherehe. Anayenunua iliyotumika aombe betri iliyojaa, aweke P, alazimishe flashi iwake mfululizo, na ahesabu muda wa taa ya kiashiria kuacha kumeta kati ya mwako mmoja na mwingine. Ikizidi sekunde kumi, au menyu ikikosa kabisa chaguo la kulazimisha, aiache hapo dukani, hata kama bei imeshushwa.