Studio ya holide Dubai kupitia ajenti wa Nyali: nyota mbili na nusu

Naandika hii kwa sababu kila nikikaa barazani Kibokoni, hapa Mombasa, kuna mtu aniuliza, "Ile nyumba yenu ya Dubai yalipa?" na mimi nimechoka kurudia. Ni studio, nyumba ya chumba kimoja, tulionunua kupitia ajenti ili tuikodishe watalii kwa usiku. Jina la ajenti sitaji, mwenye kujua atajua.

Naanza na mazuri kwa sababu yapo. Hawakutuibia. Hati ya nyumba ni ya kweli, iko kwa jina letu kule idara ya ardhi ya Dubai, eneo lenyewe ni katika yale mgeni aruhusiwa kumiliki moja kwa moja, na karatasi zote walizifuatilia bila kutuzungusha. Simu wanashika. Ofisi ina AC na kahawa. Nyota mbili na nusu zote zatoka hapo.

Sasa hesabu. Tulikuwa tumeuza kiwanja cha marehemu baba kule Mtwapa, sisi ndugu watatu, pesa iko benki inatuangalia, ndo nikaalikwa semina Jumamosi moja kwa hoteli Nyali. Samosa, juisi ya ukwaju, picha za Burj Khalifa ukutani, na kijana mmoja kavaa suti na joto lile la Januari, wallahi nilimhurumia. Akanifuata mpaka mezani na kikokotoo cha simu. "Mjomba, tazama. Usiku mmoja dirhamu 260. Mwaka mzima tuseme nyumba yakaa na watu siku 285 peke yake, mimi sikudanganyi, siku 80 nimezitoa. Hiyo ni elfu 74 na mia. Nyumba ni laki sita na ishirini. Umepata karibu asilimia 12, na kule hakuna kodi ya mapato ya nyumba." Nikapiga mwenyewe kwa simu yangu, ikatoka ileile. Nikaona huyu kijana mkweli.

Na kweli hakudanganya, hapo ndo uchungu ulipo. Kila namba aliyotaja ni namba, ila alichukua pesa yote inayoingia mlangoni akaigawanya kwa bei ya nyumba tupu, kama mtu wa kuuza viazi karai akwambie faida yake ni pesa yote ilioko kwa mkebe, viazi mafuta na makaa havihesabiwi.

Kwanza bei yenyewe haikuwa dirhamu laki sita na ishirini. Idara ya ardhi yachukua 4%, hiyo ni 24,800. Ajenti 2% na VAT ya 5% juu ya hiyo komishoni, 13,020. Ofisi ya kusajili uhamisho 4,200. Alafu nyumba ya wageni lazima uijaze kitanda, kochi, TV, mashine ya kufua, mapazia, vijiko mpaka kizibuo, tukatoa 34,000. Jumla 696,020. Kwa hivo ukitaka kujua nyumba yakulipa asilimia ngapi, gawanya kwa hiyo, maana ndo iliotoka mfukoni.

Mwaka wa kwanza umeisha, Machi 2024 mpaka Februari 2025, na stetimenti zote ninazo kwa faili. Siku zilizolala watu ni 222. Bei ya wastani 235, sio 260, kwa sababu Juni Julai Agosti kule joto lapita digrii 40 na mtalii mwenye akili hendi, wale wachache wanaokwenda wataka bei ya kutupa. Sisi watu wa pwani tungejua hili bila kuambiwa, kwani Diani mwezi wa tano kusi ikishika na mvua si mahoteli mengine hufunga kabisa? Lakini ukiona picha ya bwawa la kuogelea kwa slaidi akili inahama. Agosti ilitoka siku 9. Tisa.

Iliyoingia ni 52,170. Menejimenti, kampuni ya kuisimamia nyumba na wageni, wakachukua 20%, 10,434. Mitandao ya kubukia, Airbnb na wenzake, 6,300. Sevisi chaji, ada ya kutunza jengo, yahesabiwa kwa futi mraba, yetu futi 400 kwa dirhamu 14, 5,600, na hiyo walipa hata nyumba ikiwa tupu mwaka mzima. Stima maji na intaneti ni juu ya mwenye nyumba ukikodisha kwa usiku, mgeni aweka AC nyuzi 17 aenda zake jangwani, 7,200 kwa mwaka. Kibali cha nyumba ya wageni, sabuni, taulo na vitu vidogo vidogo 1,900. Ile ada ya utalii ya dirhamu 10 au 15 kwa usiku na pesa ya usafi mgeni ajilipia, alhamdulillahi.

Iliyobaki 20,736. Gawanya kwa 696,020. Hata 3% haifiki.

Nilimpigia kijana. Hakukasirika, tena kwa adabu sana, "Mjomba, ile ilikuwa grosi." Grosi ni pesa yote kabla ya kutoa gharama, na neno hilo kwa semina sikuliskia hata mara moja, labda lilikuwa kwa slaidi kwa maandishi ya mchwa. Nikamuuliza na menejimenti je, mbona mwezi wa saba wametutoza taulo sita mpya na waliolala ni wageni wawili? Ndo nikajua kampuni ya menejimenti ni ya haohao, mlango wa pili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu wa Dubai siku ya pili ashaondoka, jembe hulimpi na taulo kaichafua, na kila akibadilika wao wapata chao. Wao kwao wageni wengi wa siku chache ni biashara nzuri tu.

Alafu kuna hii ya shilingi ambayo siwezi kumlaumu ajenti, ingawa nataka. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni 3.6725 haitingishiki, kwa hivo ukinunua Dubai umenunua dola. Sisi tulibadilisha pesa mwisho wa Januari 2024, dola iko 160, dirhamu moja karibu shilingi 43 na nusu. Tukatoa kama milioni 30. Mwezi wa pili serikali ikapata njia ya kulipa ile Eurobondi, deni lake la nje la dola, shilingi ikapanda, na kufika katikati ya mwaka dola ilikuwa 130 hivi, dirhamu 35. Nyumba ileile, ukuta uleule, kwa shilingi imeshuka milioni 6 na sisi tumelala. Kila mtu kwa semina alisema shilingi itaendelea kuanguka, mimi mwenyewe nilisema kwa sauti kubwa.

Dada yetu ndo alikuwa anapinga toka mwanzo. Mwezi uleule wa pili bondi ya miundombinu ya serikali ilitoka kwa 18.46% bila kodi, yeye alikuwa ashatuambia kwa bondi tuweke hata nusu, tukamwambia hajui mambo ya investimenti. Sasa kila mwezi ikija stetimenti ananipigia, "Kaka, milioni 30 mara 18 ni ngapi vile?" Nakata simu. Ni milioni 5 na nusu kwa mwaka. Sisi tulipata 20,736 mara 35, laki saba na ishirini na tano, gawa watatu, gawa miezi kumi na mbili, kila mmoja elfu 20 kwa mwezi. Kodi ya chumba na sebule Bamburi.

Haki yao niwape, bei ya nyumba kule imepanda tangu tununue, ajenti ananitumia jumbe za kunipongeza. Lakini bei iliopanda huwezi kuinunulia unga mpaka uuze, na wazee watakumbuka 2008 na 2009 Dubai ilivyoanguka, sehemu zingine karibu nusu ya bei ilienda.

Ndugu yetu alioko Sharjah ndo akatufungua macho. Akasema achaneni na watalii, wekeni mpangaji wa mwaka, yule wa kutoa cheki, mkataba unasajiliwa, stima na maji ajilipia mwenyewe. Jirani wa jengo lilelile apata 46,000 kwa mwaka. Toa sevisi chaji 5,600, toa 5% ya mtu wa kusimamia, 2,300, yabaki 38,100. Hiyo ni karibu 5 na nusu kwa mia ya pesa yote tuliotoa. Mpangaji asiye na picha za machweo, asiye na nyota tano za Airbnb, atatulipa karibu mara mbili ya watalii. Fanicha ya 34,000 hiyo sijui tutaifanya nini, pengine kochi lije na kontena.

Kama waenda kwa semina yao nenda, samosa ni nzuri, na kama ni kununua tu na kusajili watumie. Ila akikutajia asilimia muulize ni ya pesa inayoingia au inayobaki, na imegawanywa kwa bei gani, alafu mwambie akupe stetimenti ya miezi 12 ya nyumba moja ya kweli ilio jengo hilohilo, Agosti ikiwemo. Mimi niliomba baadaye, nikapewa ya Desemba.

Mkataba na menejimenti waisha mwezi wa tisa. Barua ya notisi nshaiandika, dada ndo ataituma, maana anasema mimi yule kijana akinipigia akaniita mjomba ntalegea tena.