Picha za kale za vijijini: hazina ya FSA au ya Beaford?

Anayetaka kuona maisha ya vijijini ya zamani ana hazina mbili zinazotofautiana sana.

Ya kwanza ni ya FSA (Farm Security Administration), idara ya serikali ya Marekani iliyowasaidia wakulima maskini; ilikusanywa kati ya 1935 na 1944, kwa muda mwingi chini ya Roy Stryker, mkuu wa mradi huo wa picha. Ina negativu (filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo) takriban 175,000 za nyeusi na nyeupe katika Maktaba ya Bunge, na kwa upana wa nchi haina mpinzani. Lakini wapiga picha wake walikuwa wapita njia. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, mpiga picha wake Dorothea Lange alimpiga picha mama aliyekuwa na wanawe kambini, akaondoka bila kumuuliza jina. Uso ule ulijulikana duniani kote, mwenyewe akabaki bila jina kwa miongo. Tena Stryker alitoboa matundu kwenye negativu alizozikataa, jambo linaloniuma kila nikiziona.

Ya pili, ya Beaford, inahusu eneo dogo tu la kaskazini mwa Devon, Uingereza. Mpiga picha James Ravilious aliishi hukohuko na kupiga picha tangu 1972 kwa miaka 17, zaidi ya 70,000. Alirudi kwa wakulima walewale, msimu hadi msimu: kondoo wakizaa, theluji, mazishi. Pia aliazima picha za kale za familia na kuzinakili, hivyo wanakijiji nao wakawa watunza kumbukumbu.

Kwa kuelewa shida za taifa zima, chagua ya Marekani. Kwa kuijua jamii yenyewe, mimi naichagua Beaford bila kusita.