Kukataa Kabisa au Kupokea na Kukabidhi?

Kiongozi wa haki za watu akiletewa kitu kinono, kiwe fedha au ahadi, akatae, au apokee awakabidhi wenzake?

Mandela alikataa. Januari 1985, akiwa kifungoni, Rais P. W. Botha wa Afrika Kusini alimwahidi uhuru iwapo angeachana na mapambano ya silaha. Tarehe 10 Februari bintiye Zindzi akasimama uwanjani Soweto, akasoma jibu: hapana. Gharama yake? Miaka mitano mingine kifungoni. Ila hapana haina matunzo. Hakuna risiti ya kuweka.

Martin Luther King alipokea. Fedha za Tuzo ya Amani ya Nobeli ya 1964, dola 54,000 hivi, alizitoa zote kwa harakati, ingawa mkewe Coretta alitamani kiasi kiwekwe kwa masomo ya watoto wao wanne. (Hapo mimi niko na mama watoto.) Harakati zilinufaika, lakini njia hii inadai vitabu safi vya hesabu: mwaka 1960 jimbo la Alabama, Marekani, lilimshtaki King kwa madai ya udanganyifu wa kodi, na baraza la wazee wa mahakama, wazungu watupu, likamwona hana hatia.

Ukiletewa kitu chenye masharti, mfuate Mandela. Kisipokuwa nayo, na una mhasibu asiyekuogopa, ya King inatosha.