Mziki mnene kwenye Hilux bila kung'oa redio ya kiwandani: uanze kununua nini?

Redio iliyokuja na Hilux ya miaka ya karibuni ndiyo inayobeba kamera ya nyuma na vitufe vya usukani. Ukiing'oa, utanunua fremu ya dashibodi, adapta ya usukani na soketi zake, na kamera bado inaweza kugoma. Tena mara nyingi redio yenyewe haina kosa. Kinachoharibu sauti ni spika nyepesi zilizofungwa kwenye mlango wa bati tupu, linalotetemeka kila besi ikipiga. Ndiyo maana tumeipanga orodha hii kwa namna kila shilingi inavyorudi kama sauti.

1. Spika za milango ya mbele, na mlango wenyewe

Redio ya kiwandani hutoa wati 15 hadi 20 halisi kwa kila spika, hata kama imeandikwa 4 x 50. Kwa hiyo achana na maandishi ya "600W" kwenye boksi, soma unyeti, yaani sauti inayotoka kwa kila wati: desibeli 90 na kuendelea. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 15 inalia sawa na ya 88 iliyopewa wati 30. Zile zenye sumaku kama sufuria zinataka amplifaya. Kwenye redio peke yake zinasinzia.

Kabla ya kulipa, fungua mlango upime. Shusha kioo hadi mwisho, kisha pima kutoka tundu la spika hadi kwenye kioo. Fundi asiyepima hugundua kioo kinagonga sumaku akiwa ameshafunga kila kitu. Spika ya zamani mara nyingi ina fremu ndefu ya plastiki, kwa hiyo mpya itahitaji ringi ya kuiinua. Chukua ringi ya plastiki. Ya mbao hunyonya maji ya mvua yanayoshuka ndani ya mlango, ikavimba na skrubu zikalegea. Na usishuke chini ya namba ya omu (ukinzani wa umeme) iliyoandikwa nyuma ya spika ya zamani, la sivyo redio itachemka.

Kwenye baadhi ya Toyota waya hupita kwanza kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya dashibodi ndipo uende mlangoni. Ukichomoa twita, mlango mzima unanyamaza, na watu husingizia spika mpya kuwa mbovu.

Pesa inayobaki weka kwenye shiti za butili (mpira wa kunata unaozuia mtetemo) zenye foili, unene wa milimita 2. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti, bandika kwenye bati la nje (robo ya eneo yatosha), kandamiza kwa rola, kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Matundu ya chini ya kutolea maji usiyaguse. Lami ya paa ni rahisi, lakini jua la saa saba litaiyeyusha na kabini itanuka wiki nzima. Nailoni ya mlango irudishwe, maana ndiyo inayozuia maji kuingia kwenye kapeti.

2. Sabufa bapa ya chini ya kiti

Dabo kabini haina buti, kwa hiyo boksi la inchi 12 litakula miguu ya abiria. Sabufa zenye amplifaya ndani, kama Pioneer TS-WX130 au Kenwood KSC-SW11, huchukua sauti moja kwa moja kutoka waya za spika. Besi yake ni ya kujaza, si ya kutikisa vioo.

Waya wa umeme utoke kwenye betri, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka hapo. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu: ikionekana nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo hubeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule. Mahali pa kufunga ethi kwenye bodi papigwe msasa hadi bati ling'ae. Waya wa kuwashia uchukuliwe kwenye fyuzi inayozimika na swichi, vinginevyo asubuhi utasukuma gari.

3. Amplifaya ya njia nne

Nunua hii ukishamaliza namba 1, na iwe inapokea waya za spika. Spika za milango zikatiwe sauti nzito za chini ya hezi 80, kazi hiyo iachie sabufa. Kuweka geini, yaani kiasi amplifaya inavyokuza sauti: redio robo tatu ya sauti, ekwalaiza sifuri, panda taratibu hadi sauti ianze kukwaruza, kisha rudi nyuma kidogo. Redio nyingine hupunguza besi zenyewe sauti ikipanda. Hapo kifaa kama AudioControl LC2i hurudisha sehemu ya besi hiyo kwa upande wa sabufa.

Vya mwisho kabisa

Spika za milango ya nyuma, labda kama unabeba watu kila siku. Kapasita kubwa yenye taa za rangi iache dukani.

Mwenye Fuso au Scania asifuate haya kichwakichwa: lori hizo ni volti 24. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha. Fundi akitaka kuchota volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, mkatalie. Hiyo moja itaishiwa huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.